Barua ya Wazi kwa Mratibu wa Mazoezi ya Kufundisha

Ndugu Mratibu,

YAH: SHUKRANI KWA KUNIPANGIA SHULE

Husika na mada tajwa hapo juu. Nashukuru kwa wiki 8 za mazoezi. Barua yenu ilisema nitakuwa chini ya mwalimu mzoefu wa hisabati, nimtazame kwanza, kisha nimsaidie. Nilimkuta kwenye ratiba tu, jina limekatwa kwa wino mwekundu. Mwenyewe kahamia mjini. Mkuu wa shule alinipokea kama mvua ya kwanza ya masika, akanikabidhi kidato cha kwanza hadi cha tatu, boksi la chaki na zamu ya wiki hiyo. Mazoezi yakaishia hapo, ikaanza kazi.

Mlinifunza kuwapanga wanafunzi watano watano, nipite katikati nikiwasikiliza. Mwongozo unataka wanafunzi 40 kwa darasa la sekondari. Mimi nilikuwa na zaidi ya mara mbili yao. Ada ilifutwa 2016, watoto wakaja (na heri walikuja), madawati yangali njiani. Kupita katikati kungehitaji mabawa. Hata hivyo, kwenye andalio la somo niliandika “majadiliano ya vikundi”, maana alama ndiko ziliko.

Msimamizi wenu alikuja, gari likimngoja nje injini inanguruma. Nikafundisha Kiingereza kitupu, kama inavyotakiwa. Wanafunzi wakanionea huruma, wakanyoosha mikono kabla sijauliza swali. Akaandika: “Ushirikishwaji mzuri.” Alipoondoka nikalirudia somo kwa Kiswahili. Binti mmoja wa nyuma, ambaye sikuwa nimepata kumsikia sauti, akaja ubaoni, akaitafuta x mpaka akaipata, kisha akawageukia wenzake kuwaeleza alivyoipata. Hapo sina kejeli, Mratibu; usiku ule usingizi ulikataa kwa furaha. Ila fomu yenu ya tathmini haina nafasi ya yanayotokea msimamizi akishaondoka.

Fedha za kujikimu ziliingia tukiwa tunafunga mabegi. Zilimfaa sana mwenye duka aliyekuwa akinikopesha unga.

Sasa nimehitimu, naambiwa ajira hakuna, walimu tumezidi. Shule ile bado haina mwalimu wa hisabati. Inasubiri mwanachuo mwingine wa mazoezi. Naomba mnipange mimi. Madarasa nayajua, na watoto wananijua. Kujitolea nimekwisha kujitolea, kwa hiyo safari hii naomba na mshahara.

Wako mtiifu,
Mwalimu asiye na shule

Nakala: Mwalimu wa Hisabati (akipatikana)