Ndege ya Saa Saba

Mjomba aliendesha basi la Mombasa na Nairobi mpaka akastaafu, na hadi leo dunia nzima anaipima kwa saa za barabarani. Binti yake alipokatiwa tiketi ya kwenda Marekani kwa ndege ya moja kwa moja, mzee alivaa miwani akaisoma: kuondoka Nairobi saa 5:25 usiku, kufika New York saa 12:25 asubuhi.

"Saa saba!" akasema. "Mimi Mombasa nilitumia nane, na hapo sijanywa chai Mtito Andei."

Hakuna aliyembishia. Kumweleza kwamba ni karibu kilomita 11,850, kwamba majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa 8, na kwamba ndege hukaa angani saa 15, kulihitaji utulivu, nasi tulikuwa tunang'ang'ana na sanduku lililozidi uzito kwa sababu ya unga.

Desemba binti akaandika: narudi, ndege inaondoka saa 6:25 mchana. Mjomba akahesabu vidole saba. Saa 1:25 usiku tukawa tumeegesha Jomo Kenyatta, gari limejaa wajukuu, na sufuria ya biriani imefungwa kwa leso.

Simu ikalia.

"Baba, bado tunangoja kupanda."

"Mpande wapi tena? Sisi tushafika!"

"Mmefika wapi?"

Mjomba akanipa simu mimi.

Kurudi nyumbani alikataa. Dereva hageuzi gari bila abiria. Basi usiku kucha tukajadili safari. Kilichomshangaza ni kusikia kwamba kurudi huchukua saa 14 na kitu, pungufu ya kwenda. Itakuwaje, na uwanja wa New York uko kando ya bahari, huu wetu uko mita 1,624 juu? "Huku si ni kupanda?" Nikamwambia juu kabisa kuna upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, anayekwenda Marekani hukabiliana nao, anayerudi husukumwa. Hilo alilielewa mara moja, mtu wa pwani yule: majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Mlinzi aliyepita karibu alifundishwa somo zima upya.

Biriani ya mgeni ililiwa na wenyeji kabla ndege haijamaliza Atlantiki.

Binti alitua saa 4:55 asubuhi. Saa 5:25 tukawa dirishani kulipia maegesho. Mjomba akasikia bei, akavaa miwani.

"Mwanangu, tuliingia saa ngapi?"

"Saa moja na dakika ishirini na tano usiku, mzee."

"New York ilikuwa saa ngapi?"

Kijana hakujua.

"Saa tano na dakika ishirini na tano asubuhi. Na sasa hivi ni saa ngapi?"