Kitufe cha uzee

Hivi wewe mtu akikuigia kitu, si anaiga uzuri wake? Basi hawa wanaotengeneza sinthesaiza za kompyuta wameiga mpaka magonjwa. Nikimlalamikia mke wangu ananiuliza kama nimekula.

Ngoja nikusimulie nilivyosimuliwa, maana mwenyewe sijaelewa vizuri. Zamani huko Marekani na Japani kulikuwa na vinanda vya umeme vya kutungia sauti. Minimoog ya 1970, noti moja tu kwa wakati mmoja. Prophet-5 ya 1978, noti tano, ya sita haikuhusu. Leo ukiitaka hiyo yenyewe, uza kiwanja. Kwa hiyo wajanja wakachunguza saketi zake, wakaandika programu, unaiweka kwenye laptopu inalia vilevile. Hapo sina ugomvi. Mimi prodyuza wa chumbani. Kiwanja sina, laptopu ninayo, ingawa herufi E haipo.

Nikaifungua ile ya Prophet. Naona mbao! Mbao ndani ya skrini, kulia na kushoto, zimepigwa vanishi, na skrubu juu yake. Skrubu anafungua nani? Vitufe vya kuzungusha vimejaa hadi pembeni, na mausi yangu inaruka. Nikashika cha filta, nikakirudisha chini. Kimya. Nikachomoa spika, nikachomeka. Nikaipiga kofi laptopu. Nikazima, nikawasha. Kumbe filta ukiifunga yote inameza sauti yote, ndivyo ilivyoundwa, na ya kwenye kompyuta imeiga kwa uaminifu mkubwa. Mtoto wa jirani ndiye aliyeirudisha juu. Wala hakuomba kiti.

Sasa njoo kwenye ugonjwa. Vile vinanda vya zamani vilikuwa vinashikwa na joto. Saketi zikipata moto, noti zinahama. Wanamuziki walikuwa wanawasha kinanda mapema, wanasubiri kitulie, ndiyo watyuni, na katikati ya shoo kinahama tena. Watu wakalia, wakachoka. Mwaka 1983 Yamaha wakaleta DX7, ya kidijiti, haihami hata ukiiweka juani. Wakaikimbilia, vile vya zamani wakaviuza bei ya kutupa. Leo hii hao hao wanasema sauti iliyonyooka ni baridi, haina roho. Ndiyo maana kwenye baadhi ya programu hizi kuna kitufe cha uzee. Nakwambia kweli. Unakizungusha, noti zinaanza kupishana, kila moja na njia yake. Hela inatolewa hapo! Mimi kwaya ilinitoa kwa kosa hilohilo, tena nilikuwa nahama bure.

Programu nyingine zinakuwekea na muungurumo wa umeme. Mimi nyumba niliyopanga haina ethi, ninao wa asili.

Halafu kuna ile mashine ya ngoma, Roland TR-808, ya 1980. Waliitengeneza kwa kutumia transista zenye kasoro, zile zilizokataliwa, na ndizo zilizoipa sehemu ya mlio wake. Viwanda vya transista vikazidi kuwa makini, zenye kasoro zikaadimika, na mwaka 1983 wakaacha kuitengeneza. Yaani ubovu uliadimika! Wangenipigia simu.

Nikasema nihamie hiyo DX7, labda isiyo na roho ndiyo saizi yangu. Kuna programu yake ya bure inaitwa Dexed. Ukiifungua, michoro 32, kila mmoja na viboksi sita vimepandana, wanakwambia uchague sauti ipite njia gani. Nikaitikia kwa kichwa kama baba anayeonyeshwa ultrasaundi. Nikaifunga.

Juzi akaja dogo mmoja msanii, anataka biti. Nikamtisha kwanza: hapa dogo tuna Prophet. Akaangalia chumba chote. Akaangalia uvunguni. “Iko wapi, broo?” Nikamwonyesha laptopu. Kinanda chenyewe sina, napiga kwenye herufi: Z ni do, X ni re. Kuiga saketi za zamani kunaitesa prosesa, ukitaka sauti itoke papo hapo inakatikakatika. Ukiipa nafasi ipumue, inachelewa. Nikaipa nafasi. Sasa nabonyeza, tunasubiri, inalia. Nabonyeza, dogo ananiangalia, inalia. Feni ya laptopu nayo ikapandisha. Kitufe cha uzee nimekizungusha mpaka mwisho, nataka aisikie roho.

Dogo akafumba macho, anatikisa kichwa. Nikajua nimempata.

“Broo, huo upepo umeufanyaje? Mkali!”

Upepo ni feni.

“Huo uache hivyohivyo. Ila hicho kinanda kitoe, hakijatyuniwa.”

Nikavuta pumzi. Nikamweleza kwa adabu kwamba huko kutotyuniwa ndiyo thamani yenyewe, kwamba kuna wazungu wamekesha kuitafuta hiyo kasoro, kwamba anachokisikia ni Prophet-5, mali ya mwaka 1978, aisogelee kwa heshima.

Akanionea huruma. Niliona kabisa.

“Sasa broo, ya mwaka huu hamna?”