Jikoni Wanafunga Saa Nane na Nusu

Waingereza wengi, chakula cha mchana cha Jumapili hakiwapiti kooni mpaka kwanza wakihangaikie. Wengine huenda kanisani, wengine hutembeza mbwa kwenye matope. Sisi wa klabu ya baiskeli, hapa kusini-magharibi mwa London, hukanyaga pedali kilomita 35 katika baridi ya Desemba, tukazipita baa chungu nzima zenye moto wa kuni na nyama ileile, ili tukale kwenye baa moja iliyojificha nyuma ya vilima vya Surrey. Siku moja nilimuuliza katibu kwa nini tusile kwenye ile ya kwanza. Alinitazama kama mtu aliyependekeza tufuturu saa tano asubuhi.

Mama yangu, aliyeko Tanga, habari hii imemnyima usingizi.

"Mwanangu, gari mmeuza?"

"Lipo, mama. Zima kabisa."

"Basi mafuta yamepanda?"

"Hapana. Ni starehe tu, mama. Tunaendesha, tunakula, tunarudi."

"Na mvua hiyo?"

"Na mvua hiyo."

Akanyamaza kidogo, kisha akaomba azungumze na mke wangu.

Jumapili iliyopita baridi ilikuwa nyuzi 2. Majira haya klabu ina amri moja kuu: madigadi. Asiye nayo hukaa mwisho wa msafara, asije akawamwagia wenzake matope. Kijana mmoja mgeni alikuja na baiskeli ya kaboni ambayo kwa bei yake ungenunua bodaboda na chenji ikabaki, lakini haikuwa na madigadi wala tundu la kuyafungia. Hadi tunamkumbuka na kumfukuza nyuma, nilikuwa nimeshameza udongo wa kutosha kupanda tuta la mchicha. Naye akaenda nyuma anachekelea, maana huko upepo unakatwa na wenzako na wewe unajikanyagia kwa nguvu pungufu. Ukitaka kumwadhibu mvivu, fikiri kwanza.

Barabarani, taarifa hupigwa kelele kutoka mbele kwenda nyuma: shimo, gari, farasi, barafu. Ni utaratibu mzuri sana kwa watu wenye masikio. Yetu yalikuwa ndani ya kofia za sufu chini ya helmeti, kwa hiyo "barafu" iliyotoka mbele kama onyo ilifika katikati kama swali, na wa nyuma wakaipata wakiwa wameshalala juu yake. Nesi mmoja mstaafu alianguka polepole, kwa adabu zote, na alipogusa ardhi akasema samahani. Hatukuwa karibu yake. Nadhani alikuwa anaiambia barafu.

Tukapita Ripley. Mwishoni mwa karne ya 19 kijiji hiki kilikuwa mwisho wa safari kwa maelfu ya waendesha baiskeli wa London. Walifurika kwenye baa ya Anchor, na akina Dibble waliowahudumia pale wanakumbukwa mpaka leo ndani ya kanisa la kijiji. Katibu hutusimulia kisa hiki kila tukipita, kwa maneno yaleyale, na kila mara bila kupunguza mwendo. Ungedhani mahali penye sifa hizo tungeshuka walau kwa kikombe cha chai. Thubutu! Jikoni tunakokwenda wanafunga saa nane na nusu.

Ndipo tukaingia kwenye njia nyembamba za mashambani, na miba ikatupokea. Wakulima wa Uingereza huzungushia mashamba yao ua wa hawthorn, mti wenye miba mikali kama misumari. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti hawaruhusiwi kuukata, kwa kuwa ndege wanatamia humo. Basi ndege wanalea makinda yao kwa amani, na ikifika vuli na baridi trekta linapita likifyeka, miba ya mwaka mzima inamwagwa barabarani.

Kubadilisha tyubu ni kazi ya dakika tano kwa mtu mwenye vidole. Vyetu vilishakufa zamani. Gurudumu moja lilizungukwa na wanaume na wanawake wazima, mmoja akihangaika nalo, waliobaki wakihutubia: huyu anasema tatizo ni upepo mwingi, yule anasema ni upepo mdogo, mwingine anasifu tairi zisizotumia tyubu, na hakuna aliyemuuliza. Fundi wa chini ya mwembe kule kwetu angewafukuza wote kwa spana. Mara pshhh, baiskeli ya pili ikapata pancha, na hiyo ilikuwa imesimama.

Kijana wa kaboni akauliza kwa sauti ndogo kama kuna stesheni karibu.

"Klabu hii haipandi treni," katibu akasema. "Treni ni ya wagonjwa."

Tulifika saa nane na dakika ishirini. Mwenye baa alitutazama kuanzia viatu hadi zile suruali zetu za kubana, akalitazama zulia lake, akatupitisha kwa upole mlango wa pembeni hadi chumba cha nyuma, tukakaa na mapipa ya bia. Kijana alitaka kulalamika. Katibu akamzuia, na safari hii historia yake ilikuwa na faida. Oktoba 1898, Lady Harberton alifika kwa baiskeli kwenye hoteli ya Hautboy kule Ockham, jirani na Ripley, amevaa suruali pana badala ya sketi. Mwenye hoteli akakataa kumlisha kwenye chumba cha heshima, akamwonyesha upande wa baa. Klabu ya CTC, iliyoanzishwa mwaka 1878 kwa ajili ya watalii wa baiskeli, ikafungua kesi. Mwaka 1899 ikashindwa.

"Kwa hiyo," katibu akasema, akivuta kiti kati ya mapipa mawili, "sheria iko upande wake."

Nyama ilikuwa imebaki sahani chache. Mzee wetu wa klabu, ambaye huondoka saa nzima kabla yetu kwa sababu hapendi kuongea akipanda mlima, alikuwa ameshamaliza yake na anafuta mchuzi kwa kiazi. Mimi niliangukia rosti ya karanga. Sitaizungumzia.

Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na tulipotoka nje giza lilikuwa limeshaanza kukusanyika. Ghafla kila mtu akawa na udhuru. Nesi ana dada yake hapo karibu. Mzee anataka kupita njia ya mbali, kunyoosha miguu. Katibu amesahau glavu, tutangulie tu. Nami nikasema namsubiri rafiki, nikageuza baiskeli taratibu kuelekea stesheni ya Gomshall.

Nesi alikuwa kwenye benchi. Mzee alikuwa anakunywa chai ya chupa. Kijana wa kaboni alisimama mwisho wa jukwaa, na nyuma ya nguzo, uso wote ndani ya ratiba, alikuwepo katibu.

"Naangalia tu," akasema, "kama zinafika kwa wakati."