Bomani Huendwa Siku ya Kazi

Ukitaka kujua ukoo wenu una serikali ngapi, pendekeza safari ya pamoja.

Wazo lilikuwa la baba mdogo, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye alikubali kuacha kazi lakini si kuacha kufundisha. Alitaka sote, kuanzia babu na bibi hadi vitukuu, twende Bagamoyo tukaone majengo ya enzi za Mjerumani, na tukipata nguvu tupandishe hadi Pangani. Ratiba aliyoituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ilikuwa ndefu kuliko barabara. Dar hadi Bagamoyo ni kilomita kama 70 tu, lakini yeye alishatenga dakika za kila kituo, zikiwemo dakika kumi za tafakuri pale walipokuwa wakinyongewa watu.

Bibi alijibu kwa sauti, maana hana subira ya kuandika. "Yaani nitoe hela yangu nikaangalie Mdachi alipotunyongea? Wenyewe walionyongwa hawakutozwa kiingilio!"

Baba mdogo akaeleza, kwa aya tano, kwamba Bagamoyo ndiko Wajerumani walikoanzia makao yao makuu, kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891, na kwamba kizazi kisichojua kilikotoka hakina dira. Bibi akamjibu kwamba yeye anakujua alikotoka, ni Pangani, na nauli ya kwenda huko hajawahi kuombwa na mwalimu.

Babu alikaa kimya siku nzima. Kisha akauliza swali moja: safari ni siku gani?

Tukamwambia Jumamosi.

"Jumamosi Boma limefungwa."

Hapo ndipo tulipogundua kwamba tulikuwa tunapanga safari mbili tofauti. Lile Boma la mwaka 1897, ambalo baba mdogo aliliandika kwenye ratiba kama "kielelezo cha dola ya kikoloni", babu alilifanyia kazi. Baada ya Uhuru majengo mengi ya namna hiyo yalitumika kama ofisi za wilaya, na babu alikuwa karani humo, na ana faili la pensheni ambalo kwa maelezo yake lina ukurasa uliopotea tangu zamani. Tulimweleza kwamba ofisi zilishahamia kwingine na jengo sasa ni la kumbukumbu. Akasema vizuri, kumbukumbu ndizo anazozitafuta.

Basi ikabidi siku ibadilishwe. Wenye watoto wakasema shule, wenye maduka wakasema biashara, na kijana wetu mmoja akasema mwanga mzuri wa picha ni alasiri kwa hiyo asubuhi yeye haoni faida. Tukaangukia Ijumaa ya likizo ya Juni. Babu alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba tufike kabla ya saa sita. "Ijumaa karani akienda kuswali harudi," alisema. "Najua, mimi mwenyewe nilikuwa sirudi."

Mimi nilipewa uweka hazina, cheo ambacho katika ukoo wetu hupewa mtu ambaye hajaudhi mtu bado. Nikaandika kiwango cha mchango na neno la heshima: tumeni na ya kutolea. Wa kwanza kulipa, tena kamili, alikuwa shemeji yetu, mume wa dada, ambaye ni Mjerumani wa Ujerumani kabisa. Shangazi aliubadilisha mchango wake kuwa mchele. Wajomba wawili waliandika "naingiza jioni" bila kusema jioni ya mwezi gani.

Shemeji huyo alinisikitisha. Tangu aliposikia safari inahusu nini alikuwa akiomba radhi, kwa Kiswahili chake cha darasani, kwa kila anayekutana naye. Nilipomweleza kwamba kwenye maeneo ya mambo ya kale wageni hutozwa zaidi kuliko wenyeji, alisema ni haki kabisa na akauliza kama anaweza kuongeza. Bibi, ambaye kwa utani wa bibi na wajukuu humwita "mume wangu", hakumsaidia. Kila wanapokutana humuuliza, "Mume wangu, leo umekuja na kiboko au tumesamehewa ile hamsa ishirini?" Shemeji hucheka akiwa mwekundu hadi masikioni.

Siku ilipofika, kosta ilikuja saa mbili badala ya saa kumi na mbili. Dereva alisema alidhani safari ya kitalii haianzi alfajiri. Kisha tukamsubiri shangazi, ambaye alikuwa hajafunika pilau. Sufuria liligoma kuingia mlangoni mpaka kiti kimoja kikakunjwa, na mpwa wangu akakalishwa juu ya kreti la soda.

Foleni ya Tegeta ikatushika vizuri. Baba mdogo akaona ndiyo nafasi yake. Akasimama mbele karibu na dereva akatusimulia habari za Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone: jinsi bwana wao alivyofariki Mei 1873 huko iliko Zambia ya leo, jinsi wao na wenzao walivyoutoa moyo wakauzika chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

"Miezi tisa!" alisema. "Bila lami! Na sisi hata Bunju bado!"

"Mwalimu," shangazi akamwambia, "kuna chakula humu."

Somo likaishia hapo. Tulipovuka Mapinga watu walikuwa wameanza kuomba choo, na kituo cha kwanza cha historia tulichosimama kikawa kituo cha mafuta.

Bagamoyo yenyewe ilikuwa na jua kali na watu wakarimu. Pale misheni, ambayo mapadre wa Kifaransa waliianzisha mwaka 1868, tulioneshwa mbuyu mkubwa uliomeza mnyororo. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja mzungu alimfunga punda wake hapo kwa mnyororo, akausahau, mti ukanenepa nao ndani; sasa kimebaki kipande kidogo tu kinachochungulia. Watoto walitaka kujua kama punda naye yumo. Shemeji aliuliza kwa wasiwasi huyo mama alikuwa wa taifa gani. Alipoambiwa ni Mfaransa, alivuta pumzi, akapiga picha. Ndiyo picha pekee ya siku ile anayotabasamu.

Bomani tulifika saa saba na nusu. Babu alishuka na faili kwapani, akamuuliza kijana mtembeza wageni, "Karani wa zamu yuko?" Kijana, mtoto mwenye adabu, akamwamkia na kumweleza kwamba siku hizi hakuna karani. Babu akamtazama kwa huruma. Kisha akaingia, akaanza kuonesha kwa fimbo: hapa alikaa Bwana Shauri, hapa masjala, hapa pipa la maji, hapa dirisha ambalo tulikuwa tukilifunga ukija upepo wa kusi, karatasi zote zinaruka. Mjerumani hakumtaja hata mara moja. Kijana akatoa daftari akawa anaandika. Kikundi cha watalii waliokuwa kwenye baraza kikajisogeza, na shemeji, kwa kuona hatimaye amepata kazi ya kufanya, akawatafsiria.

Babu alipomaliza walimpigia makofi, wakamwekea noti kwenye kofia. Bibi, aliyekuwa amegoma kushuka kwenye kosta tangu asubuhi, alishuka kwa hizo noti. Alizihesabu, akazikunja, akazifunga kwenye pindo la kanga.

Usiku ule niliandika hesabu kwenye kundi. Wajomba wawili bado wako jioni. Nikamuuliza bibi kwa heshima zote kama zile za Bomani niziingize kwenye mapato. Akatuma sauti: hizo si mchango, hizo ni kiingilio, na bado Mdachi anadaiwa.

Pangani hatukufika. Baba mdogo ameshatuma ratiba ya Tanga, kwenye vita vya Novemba 1914, ambako nyuki waliwauma askari wa Mwingereza. Shangazi anauliza kama nyuki bado wapo. Babu anauliza kama ni siku ya kazi.