Mkanda Ukikatika Mlimani: Namna ya Kushindwa kwa Heshima

Umekatika. Umeusikia mwenyewe: "tap" moja chini ya kiti, kisha kimya, na gari lililokuwa linapanda likaanza kutafuta pa kurudi. Uko kati ya Nkwenda na Mabira, migomba kulia, migomba kushoto. Ndani una abiria, mikungu minne ya ndizi na gunia la kahawa ya maganda. Wote wanakutazama wewe. Sogea karibu, ndugu yangu, nikuonyeshe jinsi ya kuanguka vizuri.

Kwanza, chomoa ufunguo uutie mfukoni. Najua mkono unakuwasha. Kila dereva hutaka kupiga stata mara moja zaidi ili watu waone anajitahidi. Usipige. Mkanda wa taimingi ndio unaozungusha kamshafti sambamba na krankshafti. Ukikatika, kamshafti inasimama palepale, valvu kadhaa zinabaki wazi, na pistoni zinazidi kupanda. Huenda mpaka sasa zimepinda valvu mbili tu. Stata ya kujionyesha itaongeza ya tatu na ya nne. Na yule kijana anayesema "tusukume, itawaka mteremkoni", mshukuru, umkabidhi kazi ya kutafuta mawe ya kukingia matairi. Wewe simama, mikono kiunoni, uitazame injini bila kuigusa. Watasema dereva anafikiri. Waache waseme, valvu zinapona.

Pili, rudisha nauli kabla haijadaiwa na uwaitie bodaboda. Aliyerudishiwa pesa bila kugombana hatakusema vibaya stendi ya Omurushaka.

Tatu, ujue umeua injini ipi. Probox ya 1NZ ina cheni, hivyo tatizo lake tafuta kwingine. Noah ya zamani, ile SR40 yenye injini ya 3S-FE chini ya viti vya mbele, inakupa tumaini kubwa: pistoni zake zimeachiwa nafasi, na valvu ikibaki wazi kwa kawaida haigongwi. Mara nyingi unafunga mkanda mpya na safari inaendelea. Lakini kama ni Hiace ya dizeli 5L au Land Cruiser ya 1HZ, jikaze. Dizeli hizo hubana hewa zaidi ya mara 20, kwa hiyo pistoni ikifika juu hakuna pa kuweka hata ukucha. Valvu iliyokuwa wazi imeshagongwa.

Nne, na hapa ndipo pesa zako zinapookolewa. Fundi atafika, atasikiliza habari yako nusu, atasema: "Bosi, hapa tufungue hedi." Usimbishie mbele ya wasaidizi wake, utamlazimisha kushikilia neno lake. Mvute kando: "Fundi wangu, wewe ndiye unayejua. Hivi tukifunga mkanda kwanza, hata wa mtumba, tukasikiliza upepo, si tutajua valvu ipi kabla ya kufungua?" Atatikisa kichwa na kusema ndicho alichokuwa anataka kufanya. Kubali kwamba wazo ni lake.

Basi mfunge mkanda, alama za juu na za chini zikae sawa, kisha mzungushe krankshafti kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Polepole. Ikigoma pahali, msilazimishe: kuna chuma kinagusa chuma. Ikizunguka, mwende kwa fundi wa pancha mkaazime kompresa. Chukueni plagi kuukuu, vunjeni kauri yake, chomeleeni kipande cha bomba la kupokea mpira wa upepo. Kwenye dizeli, tengenezeni hivyohivyo kwa tundu la noozi. Pistoni iwe juu kabisa, valvu zote za silinda hiyo zimefungwa, gia imeingizwa na hendibreki imevutwa. Sukumeni upepo, halafu nyamazeni wote, na redio ya jirani izimwe.

Upepo ukivuma kwenye njia ya kuingizia hewa, valvu ya kuingiza imepinda. Ukitoka kwenye ekzosi, ni ya kutolea moshi. Inama kabisa, uweke kiganja mdomoni mwa bomba, utausikia ukikupuliza ubaridi. Ukipanda kwenye mdomo wa kujazia oili, tatizo ni ringi au pistoni yenyewe, na hapo kaa chini kwanza, unywe maji. Rudieni silinda moja moja, mkiandika kwenye kipande cha boksi.

Sasa unajua, na boliti ya hedi haijaguswa. Zikiwa ni valvu tu, hedi inashuka, zinawekwa mpya, zinasagwa. Hedi ikirudi kutoka Kayanga au Bukoba, usiridhike na mng'aro wake. Ilaze, mimina mafuta ya taa kwenye matundu ya hewa na ya moshi, kisha uchungulie upande wa pili. Valvu inayovuja itatoa jasho. Pistoni ikiwa na alama ndogo ya kugongwa, inaweza kuendelea. Ikiwa na ufa, ulizia bei ya injini ya mtumba, lakini usiinunue kwa hasira ya siku hiyo. Nimeona watu wakikimbilia butura, yaani kuuza kahawa ingali mbichi mtini, wakatoa msimu mzima kwa bei ya kutupa ili gari litembee wiki moja mapema. Gari linaweza kusubiri mavuno.

Kabla ya kufunga mkanda mpya, tafuta kilichoua wa zamani: sili ya kamshafti inayovujisha oili, beringi ya kukazia iliyokauka, au, kwenye 3S-FE, pampu ya maji inayozungushwa na mkanda huohuo. Na usiitegemee taa ya T-BELT kwenye dizeli. Kwa Toyota nyingi huwaka kilometa 100,000, lakini hiyo mita imepita mikononi mwa watu wengi kabla yako.

Jioni utapita kijiweni, na wataanza: "Tumesikia injini imekufa!" Usitoe hotuba. Agiza chai, ukae, useme tu: "Valvu mbili za moshi, silinda ya tatu na ya nne. Pistoni nzima." Halafu koroga chai yako, uone nani atauliza swali la pili.