Namna ya Kumjua Fundi wa Gobore la Pennsylvania Bila Kulipuka Wala Kudanganywa

Limekuangukia mkononi gobore refu la Pennsylvania, Marekani, lenye mtutu wa pembe nane na kitako cha mti wa mepo? Hongera! Aliyeliunda anastahili kujulikana. Fuata hatua hizi, usiruke hata moja.

1. Baki hai. Magobore mengi yalitundikwa ukutani yakiwa na risasi ndani, na baruti ikikaa pakavu haizeeki. Elekeza mdomo mbali na watu, tumbukiza mdeki mpaka ukome, utie alama mdomoni mwa mtutu, kisha uchomoe na kuulaza ubavuni mwa mtutu, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha ya mdeki isipokaribia tundu la kuwashia, humo mna kitu. Mwite fundi bunduki akitoe.

2. Ficha msasa. Sahihi ya fundi huchorwa kwa mkono wa juujuu tu kwenye ubapa wa juu wa mtutu, na mwenye bidii ya kung'arisha huifuta kwa dakika tano. Zima taa, mulika tochi kwa ubavu: herufi zitajitokeza. Ukisoma “J. Dickert”, una habari za Jacob Dickert wa Lancaster, Pennsylvania, aliyefariki 1822.

3. Usilipigie vigelegele jina la kwenye mtambo wa gumegume. Dalali akiona “Ketland” ataapa kuwa ndiye aliyelitengeneza. Aape tu! Ketland ni wa Birmingham, Uingereza. Mafundi wa Pennsylvania walinunua mitambo yake na kuifunga kwenye magobore yao. Mitutu nayo ilinunuliwa: muhuri wa Remington chini ya mtutu unakupeleka Ilion, New York, si kwa aliyechonga kitako.

4. Soma mbao. Ubavuni mwa kitako kuna kibweta cha shaba cha kuwekea vitambaa vya kufungia risasi. Kibweta ambacho ncha yake ni ua lenye petali kinanong'ona Lancaster. Kitako chembamba chenye mtambo mrefu mwembamba kinanong'ona Bedford, kaunti nyingine ya Pennsylvania. Linganisha nakshi na za gobore lenye sahihi. Fundi anaweza asiandike jina, lakini mkono wake hauna pa kujificha.

5. Shuku herufi zinazopendeza mno. Zilizo kwenye kibati cha fedha huenda ni za mwenye mali. Na sahihi iliyopita juu ya vishimo vya kutu imezaliwa baada ya kutu, kwa faida ya muuzaji.

6. Nenda kwenye nyaraka. Orodha za kodi na wosia za kaunti huonyesha nani alikuwa mfua bunduki, wapi na lini. Zikikaa kimya, andika bila aibu: “Lancaster, takribani 1800, fundi hajulikani.” Hilo ni jibu kamili. Kumbambikia Dickert kazi ya jirani yake ni kuwadhulumu wote wawili, hata kama bei itapanda.