Dakika za Mtoto wa Watu

Kibanda cha jaba pale Makutano, mjini Meru, hakifungwi usiku ambao Phoenix Suns wanacheza. Mchezo unaoanza saa moja jioni kule Arizona unatufikia saa kumi na moja alfajiri, na si wengi wanaofika saa hiyo wakiwa macho bila msaada. Msaada wenyewe ulikuwa juu ya kaunta: Miraa, kibunda cha Kangeta kilichofungwa kwa majani ya mgomba, na pembeni yake Muguka, mfuko wa majani teketeke kutoka Kiritiri, upande wa Embu. Chini ya wateja alikuwapo Benchi, wa mbao za mgrevilia, mguu wake mmoja umeinuliwa kwa kipande cha kigae. Wateja walikuwa watatu: mwalimu wa BOM (bodi ya shule), mwenyekiti wa sacco ya matatu na mwendesha bodaboda. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye thamosi. Watatu hao walikuwa wakibishana kwa kelele. Watatu wengine walibishana kwa hoja, kwa hiyo nimewaandika hao.

MUGUKA: Wamemnyima tena! Robo ya tatu inayoyoma na Khaman Maluach bado ameketi, taulo shingoni. Futi saba na ushee za mtu, kazi yake ni kuwapigia wenzake makofi.

MIRAA: Tulia, kijana. Ana miaka 19. Huko kwetu Igembe mti wa umri huo bado unaitwa mche. Mbaine, ile inayotafutwa na wanaojua kutafuna, ilipandwa na mababu wa hao wanaoichuma leo.

MUGUKA: Mzee, kila jambo kwako ni mbaine. Mimi napandwa, na kabla mtoto wa jirani hajaanza chekechea nimeshamlipia kaka yake karo. Mbeere nzima inakula kwa sababu hakuna aliyesema nisubiri.

MIRAA: Ndiyo maana unauzwa kwa mfuko, mimi nafungwa kwa heshima kwenye jani la mgomba. Na nani alikuruhusu kuuzwa Meru?

MUGUKA: Wateja. Waulize.

MIRAA: Haya, tuachane na hilo. Kocha anajua kazi yake. Usiku ule wa Juni 25, 2025, Maluach alichaguliwa wa 10, Phoenix wakamchukua. Usiku huohuo wakamleta Mark Williams kutoka Charlotte, senta aliyekwisha kuiva. Msimu ukaanza, Williams akawa wa kwanza, Oso Ighodaro akamfuata. Timu ina dakika 240 kwa usiku, watu watano mara 48, na kila dakika unayompa mtoto unamnyang'anya mtu mzima mwenye familia.

MUGUKA: Na mtoto hana familia? Walikimbia Rumbek, Sudan Kusini, wakaja kuishi Kawempe, Kampala. Mwaka 2019 alikuwa anapita zake barabarani, mwendesha bodaboda akamsimamisha akamwambia, wewe na urefu huu nenda ukacheze mpira wa vikapu. Akaenda. Viatu vyake vya kwanza vya uwanjani vilikuwa Crocs. Miaka mitatu baadaye alikuwa anacheza ligi ya Afrika, BAL, na Cobra Sport ya nyumbani kwao. Alikuwa na miaka 15, mzee! Akiwa na 16 akaenda Kombe la Dunia. Akiwa na 17 akaenda Olimpiki ya Paris. Kama wangemwambia asubiri awe mbaine, leo angekuwa bado anatembea kwa miguu Kawempe.

MIRAA: Umesahau Duke. Duke walimpa dakika, tena nyingi, wakamwanzisha. Aprili 2025, nusu fainali ya vyuo, wanacheza na Houston. Alikaa uwanjani dakika 21. Ribaundi ngapi?

MUGUKA: Siku moja haiwezi...

MIRAA: Nimeuliza ngapi.

MUGUKA: Sufuri.

MIRAA: Sufuri! Mtu anayekaribia kugusa pete bila kuruka! Duke wakalala 70 kwa 67. Sasa wewe unataka apewe watu wazima wa NBA wamsukume huku na huku kila usiku?

MUGUKA: Ndiyo, nataka wamsukume. Hivyo ndivyo senta anavyojifunza kusimama. Kuna mtu aliyejifunza kuzuia mwili kwa kutazama video? Elsa hapa Meru alijifunzaje kuwinda? Simba aliyelelewa kwa chupa na akina Adamson, wangemweka kitini hadi leo angekuwa anangoja maziwa. Walimfungulia pori akakosea, akakosea, akaweza.

MIRAA: Akafa Januari 1961 hajatimiza hata miaka mitano.

MUGUKA: Aliuawa na ugonjwa wa kupe! Kupe, mzee, si dakika!

(Hapa mwalimu wa BOM aliruka juu kwa sababu ambayo sikuiona kwenye simu, na Benchi akalia kwa kigae chake. Akaamua kwamba kwa kuwa wamekwisha mwamsha, atasema.)

BENCHI: Wajukuu wangu, mnanitaja tangu saa tisa. Benchi hivi, benchi vile. Hakuna aliyeniuliza.

MUGUKA: Shikamoo, Shosho. Tunakuomba radhi. Lakini kweli unamfaa mtoto?

BENCHI: Marahaba. Mimi simfai mtu wala simharibu mtu. Mimi ninakaliwa. Mzee Miraa, mweleze huyu habari za Thabeet.

MIRAA: Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam. Kikapu alikianza akiwa na miaka 15 hivi. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika NBA kabla yake. Msimu wa kwanza alipewa wastani wa dakika 13. Februari 2010 wakamteremsha hadi Dakota Wizards, ligi ya chini. Mpaka siku hiyo hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kuteremshwa huko.

MUGUKA: Umeona! Dakika 13 zilimmaliza.

MIRAA: Nimeona, dakika 13 zilitosha kumfichua. Mbele yake alikuwa Marc Gasol, ambaye mwaka 2013 alitangazwa mlinzi bora wa ligi nzima. Wewe ungemkalisha Gasol?

MUGUKA: Gasol alichaguliwa wa 48! Watu 47 walionwa bora kuliko yeye. Lakini alipotua Memphis alikuwa ameshacheza Uhispania hadi wakampa tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao ya 2008. Alikuja na dakika zake mfukoni. Thabeet alikuja na urefu.

BENCHI: Jermaine O'Neal naye?

MIRAA: Huyo ni shahidi wangu. Portland walimchukua 1996, miaka 17, kutoka sekondari moja kwa moja. Wakamkalisha miaka minne nyuma ya vigogo. Mwaka 2000 akahamia Indiana akacheza mechi ya nyota mara sita. Subira!

MUGUKA: Shahidi wangu huyo! Miaka minne Portland hakuwa kitu. Alipopewa dakika Indiana akawa nyota. Dakika!

BENCHI: Mtu mmoja, ushahidi mmoja, hukumu mbili, na kila mmoja wenu anataka nimpigie makofi. Niwaambie ninachokijua mimi niliyekaliwa na makocha. Kocha analipwa kwa ushindi wa usiku wa leo. Akipoteza mechi kumi akimfundisha mtoto, kazi hana, na mtoto atavuna matunda chini ya kocha mwingine. Mwenye timu yeye amemnunua mtoto kwa ajili ya miaka mitatu ijayo. Kwa hiyo mwenye timu anamtaka uwanjani na kocha anamtaka kwangu, na wote wawili wakiulizwa na waandishi wanasema, tunafuata maendeleo ya kijana. Hilo la maendeleo nimelisikia mara nyingi. Hata barabara za kaunti husemwa hivyo.

MIRAA: Shosho, usituletee siasa.

BENCHI: Sijaleta. Nimekaliwa nayo. Huyu mwenyekiti wa sacco hapa upande wangu wa kulia, anasemaje kuhusu Maluach? "Aheshimu wakubwa, zamu yake itafika." Uchaguzi wa sacco yake uliahirishwa mara ngapi? Na huyu mwalimu wa kushoto anapiga kelele kwamba mtoto apewe dakika leo, leo! Amehitimu, amesajiliwa na tume ya walimu, TSC, ana namba, na bado analipwa na wazazi kwa mkataba wa muhula. Usimwambie habari ya kusubiri. Mtu huyu hazungumzii Phoenix.

MUGUKA: Lakini hesabu zake ni nzuri.

BENCHI: Ni nzuri mno. Mtoto akiingia dakika mbili za mwisho, mechi imekwisha amuliwa, watu wanatoka uwanjani kutafuta magari, akafunga vikapu viwili, mwalimu huyu anachukua pointi nne anazidisha kwa 18 ili zitoshe dakika 36. Anapata 72. Kisha anawauliza wenzake, kocha gani mwenye akili anamkalisha mtu wa pointi 72?

MIRAA: Ha! Na wewe Muguka ukamwamini.

MUGUKA: Mzee, nawe usicheke sana. Unaisifu subira kwa kuwa wewe mwenyewe umekalishwa. London ulicheza mpaka lini?

MIRAA: Juni 2014.

MUGUKA: Nani alikutoa?

MIRAA: Theresa May. Alikuwa waziri wao wa mambo ya ndani. Waholanzi walikuwa wameshanitoa mwaka mmoja kabla. Halafu Machi 2020 Mogadishu nao wakanifungia hadi Julai 2022. Nilikaa nikajifunza mengi.

MUGUKA: Ulijifunza nini?

MIRAA: ...

MUGUKA: Mzee, ulijifunza nini?

MIRAA: Nilijifunza kwamba mtu aliyekaa hapati bei. Na wewe usinitazame hivyo! Mei 2024 Mombasa walikupiga marufuku wewe, Kilifi na Taita Taveta wakafuata.

MUGUKA: Na Rais akasema marufuku hiyo haina nguvu, nikarudi mchezoni. Nina watu ubavuni. Maluach hana Mbunge wa Mbeere kule Phoenix.

MIRAA: Kumbe dakika zinatafutwa kwa wabunge!

BENCHI: Zinatafutwa kwa kila njia, mwanangu. Ila ninyi wote mmeshikilia dakika za mwisho, zile za kwenye simu. Mimi nawauliza zile za kwanza. Thabeet alichelewa kuugusa mpira. Maluach naye alichelewa, lakini akapata chuo cha NBA kule Saly, Senegal, akalala, akala, akacheza kila siku na watu wa urefu wake. Kisha BAL misimu mitatu, timu tatu: Cobra Sport, AS Douanes, City Oilers ya Kampala. Alipofika Duke alikuwa na mechi za watu wazima ambazo vijana wa Amerika wa rika lake hawakuwa nazo. Huyo anaweza kukaa kwangu mwaka mzima asioze, maana ana kitu cha kufikiria akiwa amekaa. Sasa kijana wa hapa anazipata wapi? Kile kiwanja cha saruji nyuma ya soko, pete moja imepinda, ya pili iling'olewa. Msimu wa mavuno wanaanika mahindi katikati.

MUGUKA: Embu nako si tofauti. Kijana anacheza akiwa sekondari, akimaliza kidato cha nne mpira nao unamalizika. Timu za kueleweka ziko Nairobi na Mombasa: Thunder, Ulinzi, KPA. Mwaka jana... 2025 ndiyo, Nairobi City Thunder walikwenda Kigali, klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL yenyewe. Nilifurahi sana. Lakini kutoka Runyenjes hadi benchi la Thunder ni nauli, ni chumba cha kupanga, ni chakula. Hata huko kukalishwa ni bahati.

MIRAA: Kwa hiyo tunabishana juu ya kijana wa Rumbek kwa sababu wa hapa hana hata anayemnyima?

BENCHI: Wewe umesema. Mimi ni mbao.

(Kwenye simu kocha alisimama, akaelekeza kidole upande wa wachezaji waliokaa. Wateja wote watatu wakaacha kutafuna. Aliyeinuka akavua fulana ya mazoezi alikuwa mtu mwingine, na mwalimu akatukana kwa Kimeru, kwa ufasaha ambao shule haikumfundisha.)

MUGUKA: Huyu wa bodaboda mbona hajasema neno la maana usiku kucha? Kule Kawempe mwendesha bodaboda mwenzake ndiye aliyeanzisha yote. Alimwona mtoto, akasimamisha pikipiki, akamwambia kitu cha maana bure.

BENCHI: Wetu naye anaye wake. Kuna mvulana, mrefu kupita kiasi, humpakia kila Jumamosi kutoka Gakoromone hadi Kinoru. Alinikalia juzi akawasimulia wenzake. Alisema ni mara yake ya kwanza kumbeba abiria ambaye magoti yake yanagusa ushikio wa pikipiki.

MUGUKA: Enhe! Akamwambia?

BENCHI: Akamwambia akunje miguu, la sivyo alipe nauli ya watu wawili.

MIRAA: Ya watu wawili hadi Kinoru siku hizi ni ngapi?